Dalali Asiwe Ofisi ya Kazi



Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, mwenye shamba anawakuta watu sokoni saa za jioni. Hawakuwa wavivu, hakuna aliyekuwa amewaita kazini. Mara nyingi tunahubiri ukarimu wa bwana huyo, na jibu la watu wale tunalipita upesi. Hapa Tabora tunalisikia kila siku, kwenye kituo cha treni na kwenye stendi ya mabasi.

Mji wetu unaijua tangu zamani biashara ya kutafuta watu wa kazi. Katika karne ya 19 misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipata wapagazi hapa Unyanyembe, na Mnyamwezi alijadiliana ujira wake wa vitambaa kabla ya kujitwika mzigo. (Hatuwasahau watumwa waliopita njia hiyohiyo, ambao hakuna aliyewauliza neno.) Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka sehemu za mbali, Kigoma ikiwa mojawapo, nayo reli ya kati ikawapitisha hapa. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wazee huwaita manamba hadi leo. Ilikuwa huduma ya ajira iliyopangwa vizuri kweli, lakini ilimtumikia mwajiri.

Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira ilikusudia jambo jingine: kumsaidia mtafuta kazi kuwe huduma ya umma. Mwaka 2008 ikaanzishwa TaESA ili kuwaandikisha watafuta kazi, kuwashauri na kuwaunganisha na waajiri. Ni jambo jema, ingawa ofisi haizai kazi: mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa uwanjani Dar es Salaam kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji.

Lakini huduma hizi humfaa zaidi mwenye cheti na simu yenye intaneti. Kijana atokaye Kasulu kuja kulima tumbaku Urambo au Kaliua, na binti wa Sikonge anayepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, ofisi yao ni dalali. Dalali ndiye ajuaye njia, ndiye atoaye nauli, na nauli hiyo hugeuka deni. Ujira wa kibarua husubiri hadi tumbaku iuzwe. Zikishakatwa nauli, chakula na dawa, mwaka mzima wa jasho huweza kuishia mikono mitupu. Tumewapokea watu wa namna hiyo wakiomba nauli ya kurudi kwao. Na tuseme bila kuficha: baadhi ya waliowaajiri ni waamini wetu, wanaotolea sadaka ya mavuno kutokana na tumbaku hiyohiyo.

Papa Yohane Paulo II, aliyefika hapa Tabora mwaka 1990, alikuwa amefundisha katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981 kwamba wajibu kwa mfanyakazi haumwangukii mwajiri peke yake. Unawahusu pia wote wanaopanga mambo ya kazi katika jamii, Serikali ikitangulia. Kwa hiyo tunaiomba Serikali ipeleke maafisa wa kazi vijijini kabla ya msimu wa kupanda, wawaandikishe vibarua na waajiri kwenye ofisi za kata, bila malipo. Huko ndiko huduma hii inakohitajika kuliko mahali pengine popote.

Sisi nasi tusingoje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kumweleza yale asiyoyaelewa. Basi mwamini anayetafuta kibarua wa msimu ujao aje katika jumuiya yake na makubaliano yaliyoandikwa: ujira ni kiasi gani, utalipwa lini, na nauli ya kurudi ni ya nani. Wajumbe wa Haki na Amani wayasome mbele ya kibarua kwa lugha anayoifahamu, na nakala moja abaki nayo yeye mwenyewe.