Abiria Mwenye Siku Moja Tabora: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa

Kwa Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya Tabora.

YAH: SIKU YA ABIRIA ANAYESUBIRI

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo nililonalo linagusa watu wengi walio nje ya ofisi yako: wenye bajaji, mama lishe wa karibu na stesheni, warina asali, walimu wa historia, watu wa reli, na kuliko wote yule abiria aliyeshuka Tabora asubuhi na safari yake ya mbele ni usiku au kesho.

Abiria huyo unamfahamu. Pengine amevuka Ziwa Tanganyika kwa meli, akashuka Kigoma, akapanda treni, na sasa anangoja ndege ya kwenda Dar es Salaam. Pengine ametoka Mwanza na anataka treni ya Mpanda. Reli zetu zinakutana hapa na kuachana hapa, na penye makutano hapakosi watu wa kungoja. Wengi huketi juu ya mizigo yao wakisinzia na kuhesabu saa. Wakifika waendako wakaulizwa habari za Tabora, husema hawaijui, walipita tu. Jibu hilo linaniuma, maana mji huu umejengwa na watu waliokuwa wakisubiri.

Tazama zamani zake. Msafara ulioondoka Bagamoyo ulitembea kama miezi mitatu ndipo ukaingia Unyanyembe, nchi ilimo Tabora hii. Waliofika hawakuondoka kesho yake. Wapagazi walilipwa ujira wao wa vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga, wakatafutwa wengine. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alisikiliza habari za njia: wapi pana njaa, nani kapandisha hongo ya kupita kwake, mvua zitaanza lini. Mfanyabiashara aliyetaka pembe za ndovu za Manyema alikaa hapa hata mwaka mzima, akalima mpunga, akapanda miembe, akaoa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Huo haukuwa mji wa kupita tu.

Hata wageni kutoka Ulaya, ambao vitabu vinawasifu kwa kutembea, hapa walijifunza kukaa. Burton na Speke waliingia Kaze, kama mji ulivyoitwa na wafanyabiashara wa pwani, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa kwa heshima na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani. Mwaka uliofuata Speke alikwenda kaskazini akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Victoria. Burton alibaki, akauliza watu juu ya lugha, bei, mazao na mila. Stanley alifika Juni 1871 na hakuondoka hadi Septemba, kwa kuwa Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Agosti ya mwaka huo wapiganaji wake waliingia Tabora wakaichoma moto. Livingstone naye, baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, akingoja wapagazi kutoka Unguja. Walifika Agosti. Miezi mitano ya kungoja, Ndugu Mkurugenzi, katika tembe ambalo mgeni wa leo anaweza kulifikia kwa bajaji na kurudi kabla ya adhuhuri.

Hapo Kwihara naomba nitue mzigo kidogo, maana ndipo penye kiini cha ombi langu.

Tembe lile tunaliita la Livingstone, na mgeni akifika huelezwa habari za Livingstone. Si vibaya. Lakini jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea pale lilitokea baada ya yeye kufa. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringa kwa kitambaa na magome, wakaubeba mabegani. Oktoba mwaka huohuo walifika Kwihara. Wakamkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo, njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Walimsikiliza ofisa yule wa dola kubwa, kisha wakashika uamuzi wao, wakatembea hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Aprili mwili ukazikwa London, katika Westminster Abbey. Jacob Wainwright, mmoja wao, alisafiri nao hadi kaburini. Susi na Chuma hawakuwapo kwenye mazishi.

Mwafrika anayesimama kwenye ua wa tembe lile anapaswa kuambiwa hivi: hapa watu wetu waliambiwa wakate safari wakakataa. Nimefundisha historia muda mrefu, na sijaona mtoto aliyesinzia nilipofika hapo.

Aambiwe na mengine pia, yale mazito. Pembe za ndovu hazikwenda pwani peke yake. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliokamatwa, wengi wao kutoka magharibi ya Ziwa Tanganyika, wakifungwa kwa minyororo. Na katika njia hiyohiyo walipita Wanyamwezi waliokuwa wapagazi kwa hiari na kwa ujira, walioondoka baada ya mavuno wakibeba mzigo wa kama frasila mbili, wakarudi kabla ya mvua kulima mashamba yao. Mara nyingi mambo haya mawili yanachanganywa, na mgeni anaondoka akidhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wazee wetu wanastahili kuelezwa sawasawa. Aliyefungwa tuseme alifungwa, na nani alimfunga, hata kama mfungaji ni wa kwetu. Aliyefanya kazi tuseme alifanya kazi na alijua bei yake.

Tangu mwaka 2006 njia hii ya misafara imo katika orodha ya awali ya Tanzania inayosubiri kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Bagamoyo ina wageni wake kwa kuwa iko karibu na Dar es Salaam. Ujiji ina ziwa. Sisi tuna kitu ambacho Mamboya na Kilimatinde hazina: abiria ambaye tayari ameshafika, na muda anao.

Nimejaribu kuipanga siku yake. Asubuhi aanzie Kwihara kabla jua halijawa kali. Njiani aoneshwe miembe, kwani miembe mikubwa ya Tabora ni alama ya njia ya misafara, na kuanzia Novemba anaweza kununua ndoo ya maembe kwa bei ambayo mtu wa Dar es Salaam hataiamini. Akirudi mjini aelekezwe Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, asimuliwe habari za Mtemi Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, alijilipua kwa baruti asikamatwe. Boma la Wajerumani alione kwa mbali, na aambiwe mapema kwamba pale kamera haitolewi.

Mchana ale. Awe na ugali, mlenda wa karanga, na uyoga wa miombo ikiwa ni wakati wa mvua. Apate matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani na chupa ya asali iliyofungwa vizuri isimwagike kwenye begi. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima, lakini anayeshuka stesheni asiye na mwenyeji hajui aipate wapi iliyo safi.

Jioni iwe ya hapa hapa karibu na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912. Meli Liemba ilipita hapa ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikipelekwa Kigoma kuungwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa na kukosa fedha kutoka kwao, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, wakatengeneza rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Septemba ya mwaka huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji. Leo wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani wanalijua jina la Tabora kwa sababu ya sarafu hiyo, na vijana wetu wengi hawajawahi kuiona hata picha yake.

Sijagusa shule ya Tabora alikosoma Mwalimu Nyerere. Sijagusa mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika hapa, chama kilipobishana kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwalimu aliwashawishi wenzake wakubali, Zuberi Mtemvu akajitenga, na TANU ikashinda. Wala sijagusa muziki, Kiko Kids wa Salim Zahoro na Tabora Jazz ya Shem Karenga, ingawa ningefurahi mno kusikia nyimbo hizo zikipigwa stesheni abiria wanapongoja.

Uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, unawapa abiria wanaobadilisha ndege ziara ya bure ya mjini kwa saa kadhaa. Istanbul nako shirika la ndege la Uturuki linafanya hivyo. Wao wameona kwamba mtu anayesubiri ni mgeni ambaye hukumtafuta kwa matangazo. Sisi hatuna fedha zao, na ninachoomba hakihitaji fedha zao.

Naomba pawe na mahali pa kuacha mizigo kwa stakabadhi, karibu na stesheni, penye ulinzi na bei iliyoandikwa ukutani. Hili naliweka mbele ya yote. Mama mwenye gunia la dagaa na mtoto mgongoni hawezi kwenda Kwihara hata umwoneshe ramani nzuri namna gani. Mzigo ukitulia, miguu inafunguka.

Naomba nauli ya bajaji ya kwenda Kwihara, kungoja na kurudi, ikubaliwe na chama cha madereva na ibandikwe stesheni, stendi ya mabasi na uwanja wa ndege, kwa mwenyeji na mgeni sawasawa.

Naomba karatasi moja, upande wa mbele ramani, upande wa nyuma maelezo, kwa Kiswahili kwanza. Wengi wanaosubiri Tabora ni Watanzania, Warundi na Wakongo, na hao ndio njia hii ni yao. Maelezo yasomwe na walimu wa historia kabla hayajachapwa, na majina ya Susi na Chuma yawe makubwa kama la Livingstone.

Tena naomba vijana kumi au kumi na wawili waliomaliza sekondari wafundishwe kuongoza wageni. Wasikaririshwe. Wapelekwe Itetemia wakakae na wazee, wapelekwe kwa warina asali, waulize, waandike. Wazee wanaojua mambo ya kwa Isike kwa kusimuliwa na babu zao wanapungua.

Kuna sababu ya kuharakisha. Reli ya kisasa inakuja: kipande cha Makutupora hadi Tabora ni kilomita 368, na cha Tabora hadi Kigoma ni kilomita 506. Tangu treni za reli hiyo zianze kwenda Dodoma mwaka 2024 tumeona jinsi safari ya siku nzima ilivyogeuka ya saa chache. Nazifurahia. Lakini zikifika kwetu, abiria wa Kigoma hatalazimika kulala Tabora. Ataiona kwa dirisha, dakika chache. Misafara ilipoisha mji haukufa kwa kuwa reli ililetwa hapa na watu wakaendelea kusubiri. Safari hii kusubiri kwenyewe ndiko kunakoondoka, na atakayeshuka atakuwa ameamua kushuka. Tumpe la kuamulia wakati bado anashuka kwa lazima, ili akawasimulie wenzake.

Niko tayari kuja ofisini na walimu wenzangu wastaafu tuandike rasimu ya maelezo hayo bila malipo. Tunaomba siku moja ya kazi, mapema, ili karatasi ziwe tayari msimu wa maembe utakapoanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.

Nakala: Meneja wa Stesheni, Tabora, Ofisa Utamaduni wa Manispaa, Chama cha Madereva wa Bajaji.