Plastiki Haina Kosa

Katika karakana ndogo za nyumbani, plastiki hulaumiwa kwa makosa ya kisu. Nailoni inapoyeyuka kwenye mashine ya kukereza na kubaki na manyoya, fundi husema kwamba haifai kwa bushi. Lawama hiyo si ya haki. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko nailoni. Katika nailoni joto hubaki penye ncha ya kisu, na nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi za Sentigredi. Tiba ni jiwe la kunolea: kisu kiwe kikali, kitengwe na kazi ya chuma, wala kisisite mahali pamoja kikasugua. Bushi ipoe ndipo ipimwe, kwani plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kabla ya kutamani mashine mpya, fundi na anoe.