Mei Mosi bila msukuma mkokoteni ni sherehe ya nani?

Hapa Lewisham, kusini mashariki ya jiji la London, gari la farasi lililopambwa maua siku hizi huonekana zaidi kwenye mazishi. Farasi weusi wenye vishungi vya manyoya kichwani hukokota gari la vioo lenye jeneza, na pembeni maua yamepangwa kuwa herufi za jina la marehemu.

Wengi wetu tulio uhamishoni tunadhani hiyo ndiyo kazi ya asili ya farasi na maua. La hasha. Zamani maua hayo yalikuwa ya sikukuu, na walioyafunga walikuwa wachukuzi. Kila Mei Mosi waendesha mikokoteni ya London waliwapamba farasi wao kwa maua na tepe za rangi. Mwaka 1885 yakaanzishwa maandamano rasmi ya farasi wa mikokoteni, ambayo yalizoeleka kufanyika Jumatatu ya Pentekoste, moja ya siku zilizofanywa mapumziko na sheria ya mwaka 1871. Mwaka 1904 yakafuata ya farasi wa magari mepesi ya mizigo, Jumatatu ya Pasaka. Malori yalipowaondoa farasi barabarani, maandamano hayo mawili yaliunganishwa mwaka 1966.

Lengo halikuwa kufurahisha macho tu. Waanzilishi walitaka farasi wa kazi atunzwe vizuri. Kwa hiyo majaji walimkagua mnyama na vifaa vyake, na mwendeshaji aliyemtunza vyema akaondoka na zawadi. Maua ya siku moja hayawezi kuficha mbavu za farasi aliyeshinda na njaa mwaka mzima.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tunapoikumbuka Mei Mosi ya nyumbani Tanzania. Huko nako magari hupambwa. Malori yenye mabango na wafanyakazi wenye fulana mpya hupita mbele ya mgeni rasmi, kisha wote husubiri hotuba ya mishahara. Mei Mosi ya 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi.

Hatuibezi nyongeza hiyo. Lakini msukuma mkokoteni wa Kariakoo na mwendesha guta hawamo katika hesabu hiyo. Mchele, saruji na vitenge vinavyouzwa mjini hupita mikononi mwao, lakini wengi wao hawana mwajiri wa kuwaongezea wala chama cha kuwasemea. Kwenye gwaride la wafanyakazi wao ni watazamaji, kama wamepata nafasi ya kuacha kazi siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya Waingereza wa karne ya 19 hayatuhusu. Basi wautazame mji wa Lamu. Kituo cha tiba ya punda kilichofunguliwa huko mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary huandaa mashindano ya punda waliotunzwa vizuri, na wenye punda hao hupewa zawadi. Ni jambo jema. Lakini ikiwa punda wa Lamu anakaguliwa afya yake, mchukuzi wa Dar es Salaam aliyepinda mgongo kwa magunia anakaguliwa na nani?

Rai yetu kwa TUCTA na vyama vyake ni moja. Mei Mosi ijayo safu ya mbele wapewe wachukuzi, wapite na mikokoteni na maguta yao, wayapambe wanavyotaka. Uwanjani wakute waganga wa kuwapima na maofisa wa NSSF wa kuwaandikisha. Na mgeni rasmi ashuke jukwaani, apite katikati yao, aulize mzigo mmoja hulipwa shilingi ngapi.