Bastola ya kwanza ya shabaha: Hesabu risasi kabla ya bei

MKULIMA wa mboga wa Lushoto akienda kununua pampu ya kumwagilia haulizi bei ya pampu peke yake. Huuliza inakunywa petroli kiasi gani kwa saa, vipuri vinapatikana Mombo au mpaka Dar es Salaam, na fundi wa kuifungua yuko wapi. Asiyeuliza hayo hujikuta na chuma kizuri kilichofunikwa gunia stoo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayosahaulika pale mtu aliyepata msimu mzuri wa kabichi au viazi anapotaka kuingia katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Huuliza bastola gani ni nzuri, na jibu la wenzake kijiweni huwa moja tu: milimita 9, kwa kuwa ndiyo wanayoiona kiunoni mwa maofisa na kwenye sinema. Kwa mtu anayeanza mchezo, jibu hilo ni baya, na ubaya wake uko mfukoni kabla haujafika mkononi.

Mpiga shabaha hafundishwi na bastola, hufundishwa na risasi anazopiga. Anayefanya mazoezi mara moja kwa wiki na kupiga risasi 100 kila mara, kwa wiki 50 atakuwa amepiga risasi 5,000. Risasi za milimita 9 kwa kawaida hufungwa 50 katika boksi, hivyo hayo ni maboksi 100 kwa mwaka. Vidonge vya bastola ya upepo aghalabu huuzwa katika kopo la vidonge 500. Mazoezi yale yale ni makopo kumi. Katikati yake ipo bastola ndogo ya .22, ambayo risasi yake mahali pengi duniani ni nafuu mara mbili au zaidi kuliko ya milimita 9. Mfanyabiashara wa duka hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Tena risasi hazinunuliwi kiholela kama misumari, zina vibali vyake. Mwenye bastola kubwa asiyemudu kuilisha hupiga risasi ishirini wakati wa Krismasi na ishirini nyingine wakati wa Pasaka, kisha hushangaa kwa nini hapati shabaha.

Wapo wanaodhani bastola ya upepo ni kitu cha kuchezea watoto. Hao hawajautazama mchezo wenyewe. Katika Olimpiki, bastola ya upepo hupigwa umbali wa mita 10, kwa mkono mmoja, risasi 60 katika muda wa saa moja na robo. Duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11.5, sawa na kitufe cha shati. Picha iliyozunguka dunia nzima mwaka 2024 kutoka Paris, ya Mturuki Yusuf Dikeç akiwa na mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida machoni, ilikuwa ya mtu anayepiga bastola ya upepo. Alikuwa na umri wa miaka 51, na akaondoka na medali ya fedha ya timu ya wawili pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Mkulima wa makamo mwenye mikono iliyozoea jembe asijione amechelewa.

Kanuni za mchezo huo zinasema bastola isizidi kilo moja na nusu, na triga yake ihitaji nguvu ya gramu 500 au zaidi ili ifyatuke. Ni triga nyepesi, na ndiyo inayomfundisha mtu kubonyeza bila kuutikisa mkono. Milimita 9 hukatiza somo hilo mapema. Ina kelele na hurusha mkono juu, na anayeanza huanza kufumba macho na kukaza kiganja sekunde moja kabla ya mlio. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi kuliko kung'oa sangari shambani.

Bastola za upepo zenyewe ziko za namna nyingi, na mnunuzi wa milimani aangalie namna ya kuijaza. Zile za mashindano makubwa zina chupa ndogo ya hewa iliyoshindiliwa hadi kiasi cha bar 200, inayojazwa kwa mtungi wa wapiga mbizi au kwa pampu maalumu ya mkono. Kwa mtu wa Mtae au Mlola, mtungi wa wapiga mbizi ni hadithi. Bila pampu ya mkono asiinunue. Zipo nyingine za zamani kidogo, kama Baikal IZH-46M ya Urusi, ambazo mpigaji hushindilia hewa kwa wenzo mara moja kwa kila risasi. Hazihitaji chupa wala gesi. Ni polepole, lakini upole huo kwa mwanafunzi si hasara.

Kishikio nacho kinahesabiwa. Vingi huchongwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na kwa ukubwa wa kiganja. Bastola aliyoinunua mjomba kwa mkono wake haimfai mpwa eti kwa sababu ni ya bei ya udugu. Mtu aishike, afumbe macho, ainyanyue, kisha afumbue: kama sehemu za kulengea zimejipanga zenyewe, kishikio kinamfaa. Zikiwa zimeelekea pembeni, aiweke chini na kuomba nyingine.

Baada ya chombo kuna mahali pa kupigia, na hapa milima ina neno lake. Usambara ni nchi ya nyumba juu ya nyumba na shamba chini ya shamba. Risasi ya .22, ndogo kama ilivyo, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ikikosa kibao kilichopachikwa mgomba ulio ukingoni mwa bonde la Soni, huko chini yuko mama anayepalilia maharage na watoto wanaotoka shule. Hakuna kona ya shamba inayogeuka uwanja wa shabaha kwa sababu mwenye shamba ametaka. Bastola hiyo ni ya uwanja ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo na msimamizi, na nauli ya kufika huko lazima iingie katika hesabu ya kununua. Mtu atakayepata nafasi ya kwenda mara nne tu kwa mwaka atafaidi zaidi fedha yake akiibakiza kwenye mbegu.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtazami mwanamichezo kwa jicho la huruma, na ni sawa isimtazame hivyo. Leseni hutangulia silaha. Maombi huanzia nyumbani, kwa serikali ya kijiji na kata inayomfahamu mwombaji, ndipo yafike polisi. Asiyejua kama bastola ya upepo nayo inahitaji kibali aulize kituoni kabla hajatuma hata shilingi moja kwa muuzaji, asisubiri mzigo ukamatwe bandarini. Leseni haiazimishwi, na bastola haiazimishwi pamoja nayo.

Kenya, ambayo wilaya ya Lushoto imepakana nayo upande wa kaskazini, mashindano ya bastola yamepata wapenzi wengi, na uwanja wa Kirigiti huko Kiambu unafahamika. Lakini mchezo wa IDPA unaopendwa huko uliundwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya watu ambao tayari wanabeba bastola za kujilinda. Wao walikuwa nazo, wakatafuta mchezo wa kuzizoea. Kijana wa Bumbuli anayeiga hatua hiyo kwa kuanza na milimita 9 anaanzia mwisho wa njia ya wenzake. Na asifikirie kuvuka mpaka na silaha yake kwa leseni ya upande mmoja.

Yupo pia mfanyabiashara anayesema anataka mchezo huku moyoni anawaza fedha anazobeba akitoka kuuza mboga Kariakoo. Huyo ana tatizo la kweli, ila linaitwa usalama wa fedha, na sehemu kubwa yake siku hizi humalizwa na benki na simu ya mkononi. Bastola ya shabaha, yenye kishikio kinachofunika kiganja na nafasi ya risasi moja, haitamsaidia njiani usiku. Na bastola ya kujilinda haitampa medali. Anayechanganya hesabu hizi mbili hulipa zote na kukosa zote.

Kuna la hali ya hewa. Ukungu wa Magamba na Shume haubagui chuma. Bastola inayohifadhiwa ndani ya mkoba wa ngozi huota kutu haraka, maana ngozi hushika unyevu. Ikaushwe, ipakwe mafuta kidogo, iwekwe kwenye sefu iliyofungwa ukutani, na funguo zisijulikane na watoto. Sefu hiyo nayo ina bei. Vilevile vidonge na risasi nyingi zina madini ya risasi ambayo ni sumu. Mpigaji anawe mikono kabla ya kushika chakula.

Kabla ya yote hayo, liko jaribio lisilo na gharama. Chupa ya maji ya lita moja ina uzito wa kilo moja. Mtu asimame wima, ainyanyue kwa mkono mmoja ulionyooka hadi usawa wa jicho, aishikilie kwa kuhesabu kumi, aishushe, apumzike, kisha arudie mara 60 ndani ya saa moja na robo. Afanye hivyo jioni tatu kwa wiki, mwezi mzima. Atakayefika mwisho wa mwezi bado ana hamu, ndiye wa kuanza kuulizia bei.