Picha ya Shamba na Jasho la Mkulima

Wanafunzi wapenzi, yatupasa kujifunza kutazama picha kama tunavyojifunza kusoma kitabu. Maana picha nayo husema, na pengine hunyamaza penye jambo kubwa.

Huko Uingereza alikuwapo bibi mmoja, Helen Allingham, aliyezaliwa mwaka 1848 na kufa mwaka 1926. Alichora kwa rangi za maji nyumba za vijiji vya Surrey. Kazi hiyo ni ngumu: rangi huyeyushwa katika maji na kupakwa upesi juu ya karatasi nyeupe, wala kosa halifutiki kwa urahisi. Katika picha zake twaona mapaa ya kale, maua mlangoni, na mama mwenye aproni nyeupe amesimama langoni pamoja na mtoto wake.

Je, ndivyo walivyoishi watu wale? Si hivyo tu. Vibarua wa mashamba siku zile walipata ujira haba. Mwaka 1872 Joseph Arch, naye kibarua, aliwaongoza wenziwe kuanzisha chama cha kudai ujira bora. Shida hiyo haionekani katika maua.

Wako wasemao kwamba bibi yule alidanganya. Mimi sikubali. Nyumba nyingi za kale zilikuwa zikibomolewa au kubadilishwa, naye alitaka sura zake zisipotee. Kwa hiyo twamshukuru. Lakini ushuhuda wake ni nusu, na nusu ya pili yatupasa kuitafuta sisi watazamaji. Ukiona ua safi, uliza: Ni nani aliyeteka maji? Ukiona shamba lililoiva, uliza: Ni nani aliyeinama tangu alfajiri? Peter De Wint (1784–1849), aliyechora mashamba ya karibu na Lincoln, aliwatia wavunaji ndani yake. Mara nyingi ni wadogo, lakini wamo; na bila wao shamba lingekuwa pori.

Ninyi mnaotoka mashambani mwajua uzito wa jembe. Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Basi tupendezwapo na kivuli katika picha, tusilisahau jua. Nanyi mtakapochora kijiji chenu, msichore miti na machweo peke yake. Mchoreni na mama, mtungi kichwani, akipanda kutoka mtoni. Kumwonyesha kazini si kumwaibisha, bali ni kumpa heshima yake.