Upepo wa Kakuma Hautaki Draiva

Kila sanduku la visahani linalotufikia hapa Kakuma, ukilifungua, karibu vyote ni draiva. Pembeni ni vyembamba kama kisu, vimetengenezewa mtu mwenye mkono wa kurusha mita mia na uwanja mtupu wa nyasi. Tunashukuru, kweli. Lakini kabla sanduku lingine halijaagizwa, sisi vijana tunaocheza gofu ya visahani tuna neno, na tungependa wafanyakazi wa mashirika walisikie wakati hela bado ipo.

Uwanja wetu hauna ua. Watoto wanaukata wakitoka bombani na mitungi, na vikapu vyetu, vya rimu za baiskeli na minyororo, viko karibu na nyumba za watu. Mwenyekiti wa bloku ameshasema: mtoto mmoja akigongwa, mchezo basi. Sasa mtu anatuletea ati kisahani cha kwenda mbali! Mbali wapi?

Tunachoomba ni visahani vya kukaribia kikapu, vile vinavyoitwa ovasitebo. Mrushaji wa mkono wa kulia akikirusha kutokea upande wake wa kushoto, kisahani hiki hakigeuki kulia kirahisi hata kikitiwa nguvu. Kinakwenda, kinapunguza kasi, kinalalia kushoto na kushuka. Wa mkono wa kushoto ageuze maelezo. Upepo ukikupiga usoni ndipo utakijua: chepesi kugeuka kinapinduka kulia, kinachukuliwa, na unakitafuta ndani ya mathenge huku miiba ikikuchana. Hiki kinashikilia njia yake.

Kuchagua si kazi. Visahani vingi vina namba nne: kasi, kuelea, kugeuka na kurudi. Ya tatu iwe 0, ya mwisho iwe 2 au 3. Zone ya Discraft ni 4, 3, 0, 3, na Harp ya Westside Discs ni hivyo hivyo. Rhyno ya Innova ni 2, 1, 0, 3, yaani haielei sana, na sisi hatutaki kielee. Uzito, gramu 170 hadi 175. Plastiki iwe ile ngumu ya bei juu kidogo. Tunajua wenye bajeti watakunja uso hapo, lakini ile rahisi inakwanguliwa na mawe yetu, na ukingo ukiisha, ile tabia ya kurudi nayo inapungua.

Kuna watakaosema anayeanza apewe kisahani cha kwenda moja kwa moja. Ni kweli, kwa kutia kikapuni ndani ya mita 10 tunakubali kabisa, na mkono dhaifu utaona hiki kikikimbilia kushoto mapema. Basi nusu kwa nusu. Ila draiva, hapana.

Na kwa wenzetu mtakaokishika: msikirushe kwa hasira. Hatua mbili zinatosha. Kishike imara, kivute usawa wa kiuno, pua ikiinama kidogo, halafu kifyatue kwa kiwiko na kifundo cha mkono ili kizunguke vizuri. Kuzunguka kuna faida kuliko nguvu. Lenga kulia kwa kikapu ukiache kirudi chenyewe. Upepo ukitoka mgongoni kitaanguka mapema, ongeza kidogo. Ukitoka mbele, kirushe chini chini. Ardhi yetu ni ngumu, kikigusa kitateleza kwenda kushoto, kwa hiyo usikitue mguuni pa kikapu, kitue kabla. Na kuna mtoto njiani? Ngoja apite.

Viwili tulivyonavyo tunachezea kwa zamu. Anayeandika oda aje ajaribu kwanza, na asije asubuhi kukiwa kimya. Aje mchana, vumbi likiwa juu.