Kontroli Boksi Haijafa, Pima Betri

Gari likigoma kuwaka alfajiri ya Julai hapa Mazwi, Ufipa, hukumu hutoka kabla chai haijapoa: kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa, mashine imesema. Fundi anaonyesha kioo cha kifaa chake, P0603, kumbukumbu ya kompyuta. Mwenye gari, aliyekuja na hela ya fyuzi, anaanza kupiga simu Kariakoo kuulizia boksi iliyotumika.

Mashine haikusema hivyo. Namba hiyo inasema kumbukumbu imepotea au imevurugika. Haisemi nani kaivuruga. Kumbukumbu hiyo hulishwa na umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Betri ikichoka au temino ikilegea, stata ikivuta tu volti zinaporomoka, na kompyuta inajikuta haikumbuki kitu. Pengine P0562, yaani volti za chini, imekaa papo hapo kwenye kioo na hakuna aliyejishughulisha nayo. Tena kwa baadhi ya magari, fundi aliyechomoa temino ili kufuta tatizo ndiye aliyesababisha namba hiyo ijiandike.

Sisi wa Ufipa tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Mji wetu uko juu, baridi yetu inajulikana, na baridi huiibia betri nguvu: kwenye nyuzi sifuri hata betri nzima hupoteza kama theluthi ya nguvu ya kuwashia. Iliyochoka je? Na umeme ukififia nyumbani, nani hutupa friji?

Mita ya kawaida inamaliza ubishi. Betri iliyojaa na kupumzika isome karibu volti 12.6. Stata ikivuta, isishuke chini ya 9.6. Injini ikiunguruma, alteneta itoe kati ya 13.5 na 14.5. Halafu kuna kipimo ambacho wengi hukiruka: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, stata ikizunguka. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi umelegea au una kutu, na dawa yake ni msasa na spana namba kumi. Labda ndiyo sababu kipimo hiki hakipendwi. Msasa hauna faida ya kugawana na muuza boksi.

Boksi hufa, sikatai. Huingia maji, huunguzwa na fundi wa kuchomelea asiyetoa temino, au na aliyegeuza nyaya akiazima chaji. Lakini hukumu hiyo itolewe baada ya kupima umeme na ethi kwenye soketi ya boksi yenyewe, vyote vikiwa salama. Ukikimbilia Kariakoo kabla ya hapo, utaletewa kwa basi boksi ambayo, kwenye magari mengi ya siku hizi, haiutambui ufunguo wako. Gari lililokuwa likiwaka kwa shida litakataa kabisa, na betri ni ileile.